Mche wa Ambokile

Miaka ile kila mtoto aliyefika darasa la sita alilazwa kwenye mashine nyeupe kwa muda wa kumenya chungwa, ubongo wake ukapimwa wote, tawi kwa tawi, na kipimo kikahifadhiwa. Wazazi waliambiwa ni kinga: mtoto akija kuharibikiwa, patakuwa na pa kuanzia. Wengi walisahau. Tusekile hakuweza kusahau, kwa sababu kipimo cha mdogo wake Ambokile ndicho kilichokuwa kikizungumza naye sasa, katika chumba cha mwisho cha kituo kilichoitwa Kitalu, huku ukungu wa Rungwe umelalia mashamba ya chai nje ya dirisha.

"Dada, leo umekuja na viatu vipya," sauti ilisema kutoka kwenye spika.

"Umejuaje?"

"Vinalia. Vile vya zamani vilikuwa vinanung'unika tu."

Tusekile alicheka, akavuta kiti. Hivi ndivyo Ambokile alivyokuwa zamani, mtoto asiyepitwa na kitu. Hivi ndivyo ambavyo angekuwa hadi leo.

Pale Kitalu kitu kile waliita mche. Mashine ilichukua kipimo cha darasa la sita ikakikuza, siku moja ikifanya kazi ya majuma mengi, mpaka ukapatikana ubongo wa kijana mzima, kama ambavyo ungekua bila moshi wa bangi. Lakini ubongo haukui kwa hewa tupu. Hukua kwa kuambiwa, kwa kuchekwa, kwa kugombezwa. Ndiyo maana kila mche ulipewa mlezi, ndugu wa damu, wa kukaa nao na kuusimulia maisha mwaka kwa mwaka: shule, marafiki, mvua, mechi walizofunga na walizofungwa. Sharti lilikuwa moja. Mlezi asimulie yote yaliyotokea, aache bangi peke yake. Mche ukishakomaa, madaktari wangeutumia kama ramani: wangeulegeza ubongo wa mgonjwa na kuyaelekeza upya matawi yake, yafuate yale ya mche. Kazi hiyo haikuwezekana baada ya mtu kutimiza miaka ishirini na mitano, maana hapo udongo huwa umekauka. Ambokile angetimiza umri huo Jumamosi. Tiba ilipangwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

"Na mama anaendeleaje?" mche uliuliza.

Tusekile alikuwa amelizoea swali hilo.

"Anaendelea vizuri. Anakusalimu."

"Mwambie namsubiri."

Mama yao alikwisha kufariki Ambokile akiwa kidato cha kwanza, bwenini. Tusekile alipoufikia mwaka huo katika masimulizi yake, mbele yake palikuwa na sauti ya mtoto inayoomba kusikia habari za nyumbani, akafanya kile alichokiona kikifanywa tangu azaliwe. Kwao mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Huambiwa mgonjwa hajambo kidogo, njoo nyumbani. Apande gari akiwa na moyo wake mzima, afike, ashikwe mikono, aketishwe kwanza. Ni huruma, na hakuna anayeiita uongo. "Mama anaumwa kidogo," Tusekile alisema siku ile, akikusudia kumalizia kesho yake. Kesho yake sauti ikauliza kwa furaha kama mama amepata nafuu. Akajibu kwamba amepata.

Lakini mche hauna gari la kupanda, wala nyumba ya kufikia, wala mtu wa kuushika mikono. Ukaendelea kukua ukiwa njiani. Katika maisha yake mama alilazwa Dar es Salaam, kisha akakaa kwa mama mdogo ili awe karibu na hospitali, na kila mwaka mpya ulipofika Tusekile alimwongezea mama yake uhai wa mwaka mmoja. Hakumwambia daktari. Hakumwambia Ambokile. Na, Mungu amsamehe, kulikuwa na jioni alizotoka pale akitembea kwa wepesi, kama mtu mwenye mama.

*

Alipofika nyumbani alimkuta Ambokile amechuchumaa uani, mbele ya pampu ya maji aliyoifungua. Vipande alikuwa amevipanga juu ya gunia kwa mpangilio, na juu ya kila kipande ameandika kwa chaki kinapotoka.

"Dada, karibu. Chumvi hakuna."

"Si nilikuacha unaenda dukani?"

"Nimeenda mara tatu. Ya kwanza nilirudi na salamu zako kutoka kwa mwenye duka. Ya pili nilirudi na kiberiti." Akatabasamu bila kumtazama. "Ya tatu nilikuta amefunga, kwa hiyo kosa hilo si langu."

Tusekile hakucheka. Alikumbuka vile viatu na wepesi wa ile sauti, akaona haya kwa kulinganisha, kisha akalinganisha tena.

Ambokile alikuwa ameacha bangi mwaka wa pili sasa. Mengine yalikuwa yamerudi: usingizi, hamu ya kula, ucheshi wake. Mengine yalirudi nusu. Siku ya kwanza walipokuja Kitalu, Daktari Nyamizi aliwaeleza kwa subira, akichora kwenye kiganja chake. Mwili wenyewe, alisema, hutengeneza funguo ndogo ndogo za kutuliza mazungumzo kati ya seli za ubongo. Bangi huleta ufunguo wa nje unaoingia katika kufuli zilezile na kukawia kutoka. Kwa mtu mzima ni kelele ndani ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwa kijana, mafundi bado wako juu ya paa.

"Nyinyi ni watu wa chai," daktari alisema. "Mnajua kupogoa. Ubongo wa kijana hujipogoa wenyewe: matawi yasiyo na kazi hukatwa, yenye kazi huimarishwa. Sehemu hii ya mbele, ya kupanga, ya kujizuia, ya kushika neno kichwani hadi ulimalize, ndiyo ya mwisho kukomaa. Zile funguo za mwili ndizo zinazoongoza mkasi. Ukiingiza ufunguo mwingine kila siku, tena kwa bangi kali ya siku hizi, mkasi hukata pasipotakiwa na kuacha panapotakiwa. Si kila kijana huumia kiasi kile kile. Wengine hupita salama na kuja kutucheka. Wewe, Ambokile, ulianza na miaka kumi na mitatu, na ulivuta kila siku."

"Siyo kila siku," Ambokile alijibu wakati ule. "Jumapili tulikuwa tunakwenda kanisani kwanza."

Sasa aliinua kipande cha pampu, akakisoma, akakirudisha.

"Dada, huyo jamaa yukoje?"

"Nani?"

"Mimi mwingine. Kesho nitakutana naye, lazima nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nimekubali. Nisije nikaonekana mshamba."

"Ni mtu mzuri," Tusekile alisema. Akaongeza haraka, "Ni wewe."

Ambokile alimtazama sasa, kwa muda. "Unajua ninachokitaka? Kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha umeme, nifike chini nikiwa bado nakumbuka juu palisema nini. Hicho tu. Nikipata hicho, nitafanya mtihani wa fundi na sitakusumbua tena maishani."

"Husumbui."

"Nasumbua. Nakuona ukirudi kutoka kule. Unarudi kama mtu anayetoka harusini, kisha unaniona mimi."

*

Alhamisi asubuhi walikaa wote wawili mbele ya spika. Daktari Nyamizi, mwanamke mrefu wa Tabora mwenye tabia ya kusahau miwani kichwani na kuitafuta mezani, alikagua mitambo, akawaacha.

"Hujambo," Ambokile alisema, akajikohoza.

"Sijambo. Sauti yako imekwaruza, kaka. Umekula nini, misumari?"

"Moshi."

"Pole. Kwa hiyo wewe ni mimi?"

"Ndiyo. Na wewe ni mimi mwenye akili."

Mche ulicheka, na Ambokile akacheka, na vicheko viwili vilifanana hadi Tusekile akakiinamia kitambaa chake. Wakaanza kutaniana kama watu waliolala chumba kimoja miaka yote. Mche ulitaka kujua urefu wake, na kama kweli ana ndevu. Ambokile alisema zipo, ila zimetawanyika kama mahindi yaliyopandwa na mlevi. Mche ukamtajia wachezaji wote wa timu ya shule yao, kumi na mmoja na wa akiba, na Ambokile akasema, "Acha kujionyesha, bwana," lakini alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayenusa chakula cha jirani.

"Sasa nikuulize wewe," mche ulisema. "Wewe una miguu, unaweza kusafiri. Ulikwenda lini kumwona mama? Dada ananiambia anaendelea vizuri. Anakula?"

Ambokile aligeuka polepole kumtazama dada yake. Tusekile aliona swali likipanda usoni mwake, likafika machoni, likawa jibu.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," Ambokile aliiambia spika. "Tunatoka mara moja."

Ukumbini alisimama akiwa ameegemea ukuta. Hakupandisha sauti. Tusekile angefurahi kama angepandisha.

"Umemfanyia kama walivyonifanyia."

"Alikuwa mtoto, Ambo. Ningemwambiaje?"

"Mimi nilikuwa mkubwa?" Alijisugua paji la uso. "Baba mdogo alinipigia akasema mama hajambo kidogo, njoo. Nikaenda nimebeba ripoti yangu ya shule, nimeshika nafasi ya pili, nimeifunga na nailoni isilowe. Nimeshuka kwenye gari nakimbia. Watu wamejaa uani, nikadhani ni wageni wake. Dada, niliwasalimia wote. Nilizunguka nikishika mikono watu wazima wanalia, nawaambia mama atapona."

Tusekile hakuijua habari ya ripoti. Siku ile alikuwa ndani na wanawake.

"Nilirudi shule baada ya siku nne. Usiku sikulala. Kijana mmoja akaniambia ana kitu cha kuzima kichwa. Kikazima." Akatafuta neno, akalipoteza, akasubiri lirudi. "Kikazima na vingine."

Daktari Nyamizi alikuwa amewasikia. Alikuja na kibao chake cha kompyuta, uso umebadilika, akawaonyesha picha ya mche: matawi ya rangi ya dhahabu, na katikati yake kishada kimoja kilichobaki chembamba na kijani.

"Hiki nilidhani ni hitilafu ya mashine," alisema. "Kimekataa kukomaa. Kumbe kinasubiri." Akashusha pumzi. "Tusekile, mwanangu, ungeniambia."

"Tiba inawezekana?"

"Inawezekana kesho, kama ilivyo. Ambokile atapata kumbukumbu yake, mpangilio wake, na yote tuliyoahidi. Ila na hiki kishada atakipata. Atajua mama amefariki, kama unavyojua jina la mto wa nchi nyingine. Moyoni atakuwa anamsubiri."

"Na tukimwambia ukweli?"

"Matawi yatatikisika yote. Huzuni haikai mahali pamoja. Itachukua miezi hadi yatulie, na Jumamosi haitungoji. Mche unaotikisika siwezi kuutumia, nitamharibu." Daktari alisita. "Ipo njia nyingine. Mwambieni leo, mtue mzigo wenu. Jioni nitamrudisha alivyokuwa jana. Hatakumbuka lolote."

"Mumpe msiba, kisha mumnyang'anye?" Ambokile aliuliza.

Tusekile alimshika mdogo wake mkono, akasikia maneno yakimtoka kabla hajayapima.

"Tumwache. Tafadhali. Tusimwambie kitu. Kesho utibiwe, uamke, ufanye mtihani wako. Kumsubiri mama ni jambo baya kiasi gani? Mimi namsubiri kila siku na bado naishi. Usiniondolee huyu, Ambo."

"Unampenda kuliko mimi."

Angeweza kukana. Kukana kungekuwa rahisi, na angekuwa amemwambia mtu mwingine wa nyumba yao kwamba mgonjwa hajambo kidogo.

"Namtamani," alisema. "Kila siku namtamani. Sijui kama ni kitu kimoja."

Ambokile aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Mimi pia namtamani. Nimekaa pale ndani nikasema, ewe Mungu, huyu angekuwa mimi." Akautoa mkono wake kwa upole. "Lakini huyo mtoto ameshuka kwenye gari, dada. Amesimama mlangoni na ripoti yake. Tutamwacha hapo, awasalimie watu mpaka lini?"

"Utapoteza kila kitu."

"Sikuwa nacho." Kisha, kwa kuwa hilo halikuwa kweli na wote walilijua, akaongeza, "Nakitaka mno. Nakitaka hadi tumbo linauma. Usifikiri sikitaki."

*

Walirudi ndani. Ambokile alisogeza viti kando, akaitandua kanga ya dada yake mabegani, akaitandika sakafuni mbele ya spika. Wakaketi chini, miguu wameikunja upande, kama watu wanavyoketi penye msiba.

"Sauti zenu zimeshuka," mche ulisema. "Mko chini?"

"Tuko chini," Ambokile alisema. "Na wewe tulia, mdogo wangu. Kaa vizuri. Kuna jambo tumekuja nalo, na tumekuja wawili ili..."

Alisimama hapo. Tusekile aliuona uzi ukimponyoka, macho yake yakiufuata hewani. Ndicho kitu ambacho tiba ya kesho ingekimaliza. Mche haukumharakisha. Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Ambokile akamgeukia dada yake bila aibu, kama mtu anayemwomba mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo.

Tusekile akaushika.

"Mama alifariki," alisema. "Ulikuwa kidato cha kwanza. Hakuna Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyekuambia ni mgonjwa, na kila siku nilipokuja niliendelea kukuambia. Mama amelala nyumbani, nyuma ya mgomba mkubwa. Ndaga, mdogo wangu. Pole sana."

Kwenye kioo cha mtambo kando ya spika, matawi ya dhahabu yalianza kutetemeka, kwanza machache, kisha yote, kama shamba lililopitiwa na upepo.

"Nilishangaa," mche ulisema hatimaye, na sauti ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto. "Hakuwahi kunigombeza. Salamu zake zote zilikuwa nzuri tu." Kisha, "Nilimzika?"

"Ulimzika," Ambokile alisema. "Ulitupa udongo. Nitakuambia yote, nilikuwepo."

Akaanza kumsimulia. Tusekile alisikiliza kwa mshangao, kwa kuwa mtu huyu aliyesahau chumvi alikuwa na msiba wote mkononi: nani alichimba, wimbo upi ulianzishwa juu mno ukawashinda, jinsi shangazi alivyoangua kilio akiwa na mwiko bado mkononi, jinsi mbwa wao alivyolala chini ya jeneza na watu wakaona aibu kumfukuza. Mche uliuliza, na yeye akajibu. Alipopotea, alirudi nyuma akaanza upya, na mche ukamsubiri.

"Kaka," mche ulisema, ukimkatiza. "Nataka kitu cha kuizima hii. Chochote. Nizimeni."

Ambokile alifumba macho.

"Najua," alisema. "Najua kabisa. Mimi nilikipata kitu hicho, na sikuwa na mtu wa kukaa naye. Wewe unao wawili. Hatuondoki. Lia tu, hivyo hivyo, huzuni itapanda na itashuka. Tupo."

Mche ukalia. Hakuna aliyewahi kusikia sauti hiyo pale Kitalu, na watu wa vyumba vingine walitoka wakasimama ukumbini. Tusekile alilia nao, hatimaye, kilio alichokisimamisha nje ya mlango kila siku alipokuja hapa akiwa na mama aliye hai. Alilia kwa ajili ya ukurasa ambao mdogo wake asingeumaliza, na kwa ajili ya kijana aliyesikia viatu vyake vipya. Kijana huyo hangekuwepo tena kesho, wala siku nyingine. Angekuwepo mwingine, mwenye kufiwa, ambaye bado hawamjui.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Daktari Nyamizi alikuwa na kibao mkononi, na macho mekundu.

"Samahani," alinong'ona. "Nikimrudisha sasa hivi alivyokuwa jana, tiba bado inawezekana kwa Ijumaa. Nikichelewa zaidi haitawezekana tena. Nifanyeje?"

Tusekile alimtazama Ambokile. Alikuwa amelaza mkono juu ya spika, kama juu ya bega, wala hakugeuka. Alikuwa akiendelea kusimulia, chini chini. Jibu alikuwa amemwachia yeye. Tamaa ilimpanda mara ya mwisho, nzito na tamu, yenye sauti na kicheko na uso anaoujua. Akaiacha ipite.

"Daktari," alisema, "huyu amefiwa."

Daktari Nyamizi alisimama pale mlangoni, mwanamke wa sayansi, na saa ya ukutani ikimwangalia. Kisha akakizima kibao, akakiweka sakafuni nje, akavua viatu. Aliingia kwa kuinama, akajitafutia nafasi pembeni mwa kanga.

"Poleni," alisema. "Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Ambokile na mche wakamjibu kwa pamoja.